Kuendesha Warsha ya Upigaji Picha na Familia za Mitaani Nairobi

Kabla ya kununua kamera hata moja, tafuta ukumbi wenye mahali pa kuweka magunia. Mtu anayeishi mtaani huja na mali yake yote: gunia la chupa za plastiki, vyuma chakavu, blanketi, pengine na mtoto mgongoni. Ukimwambia auache mzigo nje ya lango, atakaa kikao kizima akitazama mlango. Stoo ndogo yenye kufuli, na ufunguo ushikwe na mtu ambaye washiriki wenyewe wamemchagua, ndicho kifaa cha kwanza cha warsha hii.

Ukumbi wenyewe uwe wa chini, usiwe ghorofa ya tatu ya jengo lenye walinzi wanne. Ukumbi wa jamii wa kaunti, darasa la shule siku ya Jumamosi au chumba cha kanisa hutosha. Kagua choo, maji na sabuni, maana watu hushika kamera kwa mikono, na wengi watapenda kunawa uso kabla ya kupigwa picha. Tandika mkeka kwa ajili ya watoto wachanga na umlipe mtu wa kuwaangalia. Bila huyo, akina mama wataacha kuja kuanzia kikao cha pili. Halafu zungumza na askari wa lango ana kwa ana na umwachie orodha ya majina. Warsha nyingi hupoteza washiriki pale langoni bila mratibu kujua.

Anza na besi, si na bango

Familia za mitaani Nairobi huishi kwa besi, yaani mahali ambapo kundi hukaa na kulala pamoja: pembeni mwa mzunguko wa Globe, Ngara, Muthurwa, Gikomba, Pangani, Eastleigh na kwingineko. Sensa ya kitaifa ya familia za mitaani ya 2018 ilihesabu watu 46,639 nchini, na 15,337 kati yao walikuwa Nairobi. Kila besi ina mkubwa wake. Mwendee yeye kwanza, mchana, bila kamera, ukiandamana na mfanyakazi wa jamii ambaye tayari anajulikana pale. Mweleze mambo manne: mtafanya nini, kwa muda gani, picha zitakwenda wapi, na kila mtu atapata nini. Usiahidi kazi wala shule kama huna. Na neno "chokoraa" lisisikike kutoka kwa mtu yeyote wa timu yako, hata kwa utani.

Chukua washiriki 12, usizidishe. Wakufunzi wawe wawili, angalau mmoja mwanamke, pamoja na mfanyakazi wa jamii mmoja ambaye hafundishi chochote. Kazi yake ni kuona nani amenyamaza, nani ameumia, nani amekuja na gundi ya kuvuta. Usichanganye zaidi ya besi mbili, na kabla ya kuzichanganya uliza kama zina ugomvi. Kama nafasi ni 12 na waliojitokeza ni 30, piga kura ya bahati nasibu hadharani kwa vikaratasi. Ukichagua mwenyewe, utaonekana umependelea, na aliyeachwa ndiye atakayeleta fujo siku ya kwanza ya kutoka na kamera.

Kwa warsha ya kwanza, chukua watu wazima, wa miaka 18 kwenda juu. Watoto wanataka utaratibu mwingine: Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kutumia data ya mtoto, na picha inayomtambulisha mtu ni data yake. Mwaka 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza shule moja faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Mtoto anayelala mtaani bila mzazi bado anahitaji mtu mwenye mamlaka ya kisheria juu yake, kwa hiyo fanya kazi kupitia kituo kilichosajiliwa na afisa wa watoto wa eneo hilo, au usifanye.

Saa, chakula na nauli

Ratiba inayofanya kazi ni vikao vinane, viwili kwa wiki kwa wiki nne, kila kimoja saa mbili na nusu. Kikao kimoja kwa wiki ni kichache mno. Kanjo, yaani askari wa kaunti, wakifukuza watu kutoka kwenye besi, nusu ya kundi itakuwa imehamia upande mwingine wa jiji kabla hamjaonana tena. Siku tano mfululizo nazo huwanyima watu riziki ya wiki nzima.

Anza saa tatu asubuhi. Alfajiri ni saa ya kazi: kuokota plastiki kabla ya lori la taka, kupakua mizigo katika masoko ya Marikiti na Gikomba. Uliza pia ni siku gani makanisa hugawa chakula, kisha uepuke siku hizo. Ukishindana na sahani ya wali utashindwa, na ni haki ushindwe.

Chai na mkate au mandazi viliwe mwanzoni, mara watu wanapofika. Anayeweka chakula mwishoni ili watu wasitoroke anafundisha darasa la watu wenye njaa, na mkono wa mwenye njaa hutetemeka. Mwisho wa kikao toa mlo kamili, githeri au ugali na mboga. Nauli au fidia ya muda iwe sawa kwa kila mtu, itajwe siku ya kwanza, itolewe kwa mkono na kutiwa sahihi au alama ya kidole. Usitegemee M-Pesa kwa kila mtu: asiye na kitambulisho hawezi kusajili laini, na pesa zikipitia simu ya rafiki huenda zisimfikie.

Aliyekuja akiwa amevuta gundi usimfukuze. Mpe chakula, mpe kiti, asikilize, ila siku hiyo asishike kamera wala asitie sahihi kitu chochote. Sheria hii itangazwe mapema, na iwahusu wote.

Vifaa

Kamera ndogo za dijitali za mitumba ni bora kuliko simu kwa kazi hii. Simu huvutia wezi haraka, ina akaunti za mtu ndani yake, na huandika mahali picha ilipopigwa. Kamera ndogo ina kazi moja tu. Zinazofaa zaidi ni zile zinazotumia betri mbili za AA, kama nyingi za Canon PowerShot za kundi la A na Nikon Coolpix za kundi la L, kwa sababu hazihitaji chaja ya pekee ambayo ikipotea kamera imekufa. Ubora mdogo usikutishe. Mwaka 1997 vijana wa chama cha michezo cha MYSA kule Mathare walipewa kamera za plastiki za bei ya chini na mpiga picha Lana Wong, wakaupiga mtaa wao kwa jicho lao wenyewe. Megapikseli 8 zinatosha hata kwa chapisho la ukubwa wa A3.

Kwa watu 12, kamera sita, moja kwa kila wawili. Kwa kila kamera, betri nne za kuchajiwa za aina ya NiMH, zenye mAh 2000 au zaidi: mbili ndani ya kamera, mbili zimechajiwa kando. Hiyo ni betri 24 na chaja tatu za nafasi nane, au sita za nafasi nne. Zifunge mbilimbili kwa tepu yenye namba na usizitenganishe. Betri iliyojaa ikiwekwa pamoja na iliyochoka, kamera huzima mapema. Betri za bei rahisi za redio usizinunue kabisa. Kamera itawaka, itapiga picha chache, kisha itasema betri zimekwisha, na watu watadhani wao ndio wameiharibu.

Kadi za kumbukumbu ziwe za GB 4 au 8. GB 8 hubeba zaidi ya picha 1,500 za megapikseli 12, na ikipotea hujapoteza mwezi mzima wa kazi. Kamera za zamani sana hazisomi kadi inayozidi GB 2, basi jaribu kila kadi na kila kamera dukani, kabla ya kulipa. Ukinunua Luthuli Avenue, mwenye duka atakuruhusu. Futa kadi kwa kutumia menyu ya kamera yenyewe, si kompyuta. Kamera ikikataa kupiga na kusema kadi imefungwa, angalia kile kitufe kidogo cha ubavuni mwa kadi: huwa kimeteremka wakati wa kuiingiza.

Vumbi ndilo huua kamera hizi, hasa lenzi zinazochomoza. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu Agosti 2017, kwa hiyo mpe fundi wa nguo jinzi mbili za mitumba akushonee vifuko sita vya kufunga kwa kamba. Ongeza vitambaa laini vya pamba vya kupangusa lenzi. Ukungu mwingi mnaouona kwenye picha za kikao cha kwanza ni mafuta ya mandazi.

Katika bajeti, hesabu kwamba kamera moja au mbili zitapotea au kuvunjika. Usimdai mshiriki alipe, na usimpe kamera alale nayo nje. Si kwamba humwamini; ni kwamba usiku mtu atapigwa kwa ajili ya hicho kifaa. Kamera hutoka asubuhi na kurudi kabla ya chakula.

Barabarani

Mtu mwenye nguo chakavu akiwa na kamera mkononi Nairobi, swali la kwanza ni ameiiba wapi. Linaweza kutoka kwa polisi, na linaweza kuwa kelele ya "mwizi!" katikati ya soko, ambayo ni hatari zaidi. Jiandae hivi:

- Barua yenye muhuri wa taasisi mwenyeji, ikitaja kamera kwa namba yake ya kiwandani, jina la anayeibeba na tarehe. Kila jozi ibebe nakala.
- Kitambulisho cha shingoni chenye picha ya mshiriki, na fulana au reflekta ya rangi moja.
- Nakala za risiti za kamera zote, mkononi mwa mkufunzi.
- Ziara kwa chifu na kwa mkuu wa kituo cha polisi wiki moja kabla, pamoja na ratiba ya siku za kutoka.

Jozi zisitawanyike zaidi ya umbali wa kuonana na mkufunzi. Chora mipaka kabla ya kutoka. Kambi za jeshi, Ikulu na maeneo mengine yanayolindwa kisheria hayapigwi picha. Wanaofanya kazi Mathare na Eastleigh wakumbuke kwamba kambi ya jeshi la angani ya Moi iko papo hapo, na ukuta wake huingia kwenye fremu kirahisi. Waambie pia waache vituo vya polisi, milango ya benki, wateja wa M-Pesa wakitoa pesa, na mapipa ya pombe ya chang'aa kando ya mto. Hilo la mwisho si suala la sheria peke yake. Wewe utarudi nyumbani jioni. Mpiga picha atalala palepale.

Picha ikifutwa, kwa amri au kwa bahati mbaya, toa kadi na usipige tena nayo. Programu ya bure iitwayo PhotoRec hurudisha picha nyingi zilizofutwa, mradi nafasi yake haijaandikwa kitu kingine.

Kufundisha kupiga

Usianze na nadharia. Kikao cha kwanza, nusu ya kwanza ni ya kanuni za kundi. Nusu ya pili kila jozi ipewe kamera na kitu kimoja, sufuria au kiatu, na wapige picha kumi tofauti za kitu hichohicho: kwa karibu, kwa mbali, kutoka chini, kutoka juu, kwenye jua, kivulini. Mambo mawili tu ndiyo ya kusisitiza siku hiyo: kamba ya kamera iko mkononi daima, na kitufe hubonyezwa nusu kwanza hadi kamera ipate shabaha, ndipo humaliziwa. Wengi hubonyeza kwa kishindo na kamera huyumba.

Kabla ya jozi kupiga chochote, ipige picha ya kikaratasi chenye namba ya mwenye zamu. Wakibadilishana, wapige cha mwenzake. Bila hivyo, jioni utakaa na picha mia sita usijue ipi ni ya nani, na picha ya mtu ikipewa jina la mwingine umevunja imani ambayo hairudi.

Kikao cha pili ni mwanga. Nairobi iko karibu kabisa na ikweta, hivyo jua la saa sita hukaa juu ya kichwa na kutia macho ya watu kivuli cheusi. Wafundishe kumsogeza mtu mlangoni au chini ya ukingo wa paa, uso ukielekea nje. Zima flashi; kwa ndani kamera itapunguza kasi ya kupiga na picha huweza kuyumba, basi waegemeze viwiko ukutani au mezani na kuongeza ISO, yaani wepesi wa kamera kuona mwanga, hadi 400.

Ngozi nyeusi inahitaji somo lake, na ni aibu kwamba miongozo mingi hulipita. Kamera hukisia kwamba kila kitu ni kijivu cha wastani. Mtu akisimama mbele ya mbingu nyeupe au bati linalong'aa, uso wake hutoka mweusi tii bila macho. Kwenye mpangilio wa kamera wenye alama ya +/-, ongeza mwanga kwa +0.7 au +1, au mhamishe kwenye ukuta wa rangi iliyokolea. Uso huohuo ukijaza fremu nzima, kamera hukosea upande wa pili na kuupausha; punguza kwa -0.3. Wapige zote mbili na waziweke pamoja kwenye skrini. Watu waliozoea kuonekana vibaya katika picha huelewa papo hapo kwamba tatizo halikuwa sura yao.

Kikao cha tatu, toa nafasi ya picha za kawaida: mama na mwanawe, marafiki wawili, mtu peke yake akiwa amechana nywele. Waratibu wengi huona hizi si "kazi ya sanaa" na kuziruka. Ni kosa. Ndizo picha ambazo washiriki wengi walizijia, na mwenye picha nzuri ya familia yake hupiga mtaa kwa utulivu zaidi vikao vinavyofuata, ambavyo sasa ni vya kutoka.

Idhini mara tatu

Idhini ya kujiunga huombwa siku ya kwanza. Idhini ya anayepigwa picha huombwa kabla ya kubonyeza, na wafanye mazoezi ya kuiomba wao kwa wao, pamoja na mazoezi ya kukataliwa na kuondoka kwa heshima. Idhini ya tatu, ya kutumia picha, iombwe baadaye, mtu akiwa ameishika picha yenyewe mkononi na kuambiwa itakwenda wapi: ukutani, gazetini, kwenye mtandao. Kila mahali pawe na ndiyo au hapana yake. Kuna aliyemkimbia mume, kuna anayetafutwa na kundi alilolitoka. Picha ya ukutani Pangani na picha ya Facebook hazifanani kwa hatari.

Fomu isomwe kwa sauti kwa Kiswahili au Sheng. Asiyeandika arekodiwe sauti mbele ya shahidi anayemwamini. Kila mtu achague jina atakaloandikwa. Na kama kuna simu zilizotumika, zima hifadhi ya mahali katika mipangilio ya kamera, maana picha ya kitanda cha maboksi huweza kubeba mahali halisi mtu anapolala. WhatsApp huondoa taarifa hiyo picha ikitumwa kama picha. Ikitumwa kama hati, hubaki nayo.

Meza ya kuchagua

Hapa ndipo warsha yenyewe ilipo. Bajeti nyingi huishia kwenye kamera, kisha mratibu anachagua picha peke yake usiku kwenye laptopu, na maonyesho yanakuwa yake. Tenga vikao viwili kamili, cha sita na cha saba, kwa ajili ya meza.

Chapisha picha 15 za kila mshiriki kwa ukubwa wa 4R, yaani inchi 4 kwa 6. Ni picha 180. Omba bei ya jumla studio. Mwenye picha azitandaze na achague tano bila mtu yeyote kusema neno, mkufunzi akiwa amekaa. Kisha amwonyeshe mwenzake wa jozi. Ndipo kundi lizungumze. Maswali mazuri ni ya kushikika: ulisimama wapi? Ni nini kilikuwa nje ya fremu? Nani hayumo? Ipi kati ya hizi mbili ungempa mama yako? Swali la "unahisi nini" liache. Likija lenyewe, mfanyakazi wa jamii yupo. Picha za rafiki aliyefariki na za majeraha hutokea. Weka tayari namba za bure, 116 ya watoto na 1195 ya dhuluma za kijinsia.

Maelezo ya picha yarekodiwe kwa sauti na kuandikwa kama yalivyosemwa, Sheng ikiwa Sheng, kisha msomee mwenyewe arekebishe. Usiyanyooshe.

Maonyesho, mauzo na faili

Onyesho la kwanza liwe kwenye besi yenyewe, kwa kamba na vibanio vya nguo, asubuhi moja. Walioachwa nje ya kura waone. Baada ya hapo waweza kwenda Alliance Française au Goethe-Institut, zote katikati ya jiji, ila panga kuingia kwa washiriki kwa majina, na nauli ya kurudi.

Kwa chapisho kubwa tumia faili la asili kutoka kwenye kadi. Picha iliyopitia WhatsApp mara nyingi hubaki na pikseli kama 1,600 upande mrefu. Kwenye A3 hiyo ni nukta 97 kwa inchi, na nyuso hutoka na ukungu.

Kwa Sheria ya Hakimiliki ya 2001, mwenye picha ni yule aliyeipanga, si mwenye kamera. Lakini sheria hiyohiyo huweza kumpa haki aliyeagiza kazi pasipokuwa na makubaliano mengine. Andikeni ukurasa mmoja kwamba haki inabaki kwa mpiga picha, na kwamba taasisi imepewa ruhusa ya kuonyesha kwa muda uliotajwa. Mgawo wa mauzo uandikwe hapohapo kabla ya picha ya kwanza kuuzwa.

Picha za kupeleka nyumbani ziwekewe laminesheni, kwani mvua na msako wa kanjo havibagui. Bahasha ya nakala ya kila mtu ibaki ukumbini kwa jina lake. Faili zote ziwe kwenye diski mbili zilizo katika majengo mawili. Tenga saa moja kila wiki, kwa miezi sita, ambapo mshiriki anaweza kuja kuchukua nakala, kubadilisha idhini au kuomba picha ifutwe, na bandika siku na saa hiyo ukutani pale besi.